Sahani ya Mihrabuni

Leo nimevunja sahani ya msikiti.

Nilikuwa nakwangua rangi ya zamani kwenye mihrabu ya msikiti mmoja huku Kisarawe. Juu yake imejengewa sahani ya maua ya buluu. Waumini wote wanaamini ililetwa na mababu zao kutoka Uajemi.

Kukwangua kukailegeza; nilipojaribu kuidaka, ikaniponyoka. Vipande vitatu sakafuni.

Imamu akaingia.

Akaviokota, akavitazama. Kisha akaenda kufunga mlango.

Nikajua nimekwisha.

"Ile ya mababu niliivunja mimi, nikiwa kijana kama wewe," akanong'ona. "Hii nilinunua Kariakoo. Wahi ukatafute nyingine kabla ya adhuhuri."

Jamani, hili ni duka la tatu. Nakuta za maua mekundu tu.