Mfano Mrefu wa Ukurasa wa Saba

Nawasimulia haya nikiwa nimejifungia chumbani kwangu Geita. Kikundi cha wachimbaji wa Rwamgasa kiliniomba programu ya kuandikisha wanachama, wenza wao na watoto wao. Kila alasiri nilikaa ofisini kwao nikiandika msimbo, yale maagizo ya kompyuta, karasha za kusagia mawe ya dhahabu zikiunguruma nje, vumbi jeupe likielea dirishani, na Nyanzobe, karani wao, akiimba taratibu. Nilipohitaji majina ya mfano, vidole viliota vyenyewe. Mwanachama: mimi. Mwenza: Nyanzobe. Mtoto wa kwanza nikampa jina la babu yake, kama wafanyavyo Wasukuma: Masanja, yaani baba yake Nyanzobe, mwenyekiti wa kikundi. Nikaongeza wa pili, wa tatu, na makazi: nyumba ya bati jekundu kule Kishapu, ng'ombe wakicheua mlangoni.

Mwongozo wa programu hutengenezwa na kompyuta yenyewe, ikichota mifano kutoka kwenye msimbo. Ningeweza kuiamuru ichote mistari mitatu tu. Mimi mjuaji nikaiamuru ichote yote, eti mfano mrefu hufundisha zaidi. Nikachapa nakala za mwongozo kwa kikundi kizima bila kusoma hata moja.

Mkutanoni nilimwamkia mwenyekiti, "Shikamoo, mzee." Hakuitika. Alikuwa kwenye ukurasa wa saba wa mwongozo, kidole kikifuata mistari polepole. Nyanzobe alikuwa ameficha uso nyuma ya daftari, mabega yakimtetemeka kwa kicheko.

Mzee alivua miwani. "Kwetu posa huletwa na mshenga, haichapwi," alisema. Ndipo akakumbuka salamu yangu.

"Marahaba, baba Masanja."