Aliyeletwa Amebebwa

Barua ya serikali ilipofika Ngaramtoni, Amarjit ndiye aliyeifungua, maana mikono ya mumewe Kuldip ilikuwa imejaa gundi ya mbao. Aliisoma kimya. Akairudia. Kisha akaketi palepale juu ya maranda, mtoto begani. Barua ilimtaka Kuldip aondoke Tanganyika kabla ya miezi mitatu kwisha, arudi kwao Gujranwala.

Kuldip alicheka, akidhani mkewe anamtania. Alipomwona usoni, kicheko kilimkauka.

Gujranwala aliijua kwa jina tu. Alitoka huko mikononi mwa mama yake, hajatimiza hata mwaka. Tena miaka mitatu nyuma, India ilipokatwa vipande viwili, mji ule uliangukia Pakistani, na Masingasinga wote wakaukimbia. Baba zake wadogo waliosalimika walikuwa wakilala kwenye hema huko Delhi. Sasa arudi kwa nani?

Amarjit aliposikia ilivyokuwa, alishika kichwa. Mwezi uliopita watu waliotoka nje walikuwa wameitwa bomani Arusha kuandikishwa. Karani, Bwana Reginald, kijana mpole kabisa, alimwuliza Kuldip kwa Kiswahili: "Kwenu wapi?" Kuldip akajibu kama mtu yeyote aliyelelewa vizuri katika nchi ile: akataja alikotoka baba yake. Mmeru aliyezaliwa mjini naye ukimwuliza atakwambia kwao Akheri, hata kama hana kibanda huko. Lakini kwenye fomu jibu hilo lilikaa mahali pa makao ya kudumu. Na cheti cha kuingilia nchini Kuldip hakuwa nacho. Cha marehemu baba yake, fundi Tarlochan, kiliandikwa "mke na mtoto mmoja", bila jina la mtoto.

Kwa neno moja la adabu, mtu anafukuzwa. Siku mbili Amarjit hakuweza kula, maziwa yakapungua, mtoto akalia.

Siku ya tatu akaja Loserian, jirani na rika la Kuldip, kuchukua gurudumu la mkokoteni. Alipoambiwa habari alisema wazungu wamezidi kwa mzaha, na kama ni kufukuza watu, waanze na Kalasinga anayechelewesha magurudumu. Hakuna aliyecheka. Akauliza tena polepole, akaelewa, akalaza gurudumu chini. Yeye ndiye aliyeleta habari kwamba mjumbe wa Baraza la Kutunga Sheria atafika bomani Alhamisi kusikiliza maoni ya watu juu ya sheria mpya ya wahamiaji.

Amarjit alisoma Moshi mpaka darasa la nne tu, lakini mwandiko wake ulikuwa mzuri. Akaandika: "Waheshimiwa, tunawaomba mtunge sheria imwangalie mtu aliyeletwa hapa akiwa mtoto. Yeye hakuchagua safari, wala hakumficha mtu cheti. Mume wangu ameota meno hapa. Mkimrudisha, mtampeleka ugenini."

Alhamisi mjumbe aliisoma barua hadi mwisho. Alikuwa mzee wa Kizungu mwenye sauti ya chini, na Kiswahili chake kilisikika vizuri. Alisema ataipeleka Dar es Salaam, na wenzake wataisikia. Ila alihitaji jambo moja.

"Nani alimwona mtu huyu akiwa mtoto hapa? Si kusikia. Kumwona."

Kuldip hakuwa na wa kumtaja. Baba alikufa, mama alikufa.

Nyuma kabisa akasimama mama yake Loserian, bibi Nashipae, aliyekuja, walivyodhani, kumsindikiza mwanawe tu.

"Mimi nilimnyonyesha," alisema.

Bibi akaeleza bila haraka kwamba mke wa fundi aliposhikwa na homa, mwezi wa kwanza tu tangu wafike, maziwa yalikauka, na mtoto alikuwa akizimika. Yeye alikuwa na Loserian mchanga. Akamchukua na yule wa pili, miezi miwili, mmoja kila upande. Hakusema, kwa sababu mama wa mtoto aliona haya, akamwomba asiseme.

Amarjit alibana mtoto wake kifuani bila kujua. Miaka mitano alikuwa akimpikia chai bibi huyu, na hakuwahi kusikia hata nusu ya neno. Loserian alikuwa amefungua mdomo kama mtu aliyepigwa.

Mjumbe alimgeukia Reginald amwandikie ushahidi ule. Reginald alishika kalamu, akauliza taratibu aandike nini mahali pa uhusiano.

"Andika nilivyosema," bibi akamjibu, akatia dole gumba kwenye wino.

Mjumbe akatamka kwamba amri ya kuondoka itasimamishwa hadi Baraza likutane. Zaidi ya hapo hakuahidi, na Amarjit alisikia vizuri kwamba hakuahidi.

Kuldip alivuka ukumbi. Akasimama mbele ya Nashipae, mwanamume mzima wa ndevu, akainamisha kichwa chenye kilemba, kama watoto wa Kiarusha wanavyoinamia wakubwa wao, akangoja.

"Yeyo," alisema. Mama.

Bibi akaweka mkono juu ya kilemba, na dole lake likaacha alama ya wino.