Soksi za Springi za Kigari cha Baba

Enzi zetu pale Faza, shule yetu haikuhitaji kengele. Baba yangu, aliyekuwa mwalimu wetu, alisikika kabla hajaonekana. Kigari chake kililia nyuma, nywii, nywii, kila kilipoingia shimoni, na njia ya shuleni ilikuwa mashimo matupu. Tangu anatoka mjini mpaka anafika mlangoni, darasa zima lilipata nafasi ya kumaliza ugomvi, kufuta vikaragosi ubaoni, kumeza ubuyu uliobaki mdomoni na kufungua vitabu. Baba akiingia anatukuta tumetulia kama malaika. Alikuwa akiwaringia walimu wenzake kwamba hakuna darasa lenye nidhamu kama lake. Masikini Baba, hakujua kwamba nidhamu yote ile ilitoka kwenye springi.

Nawaandikia nyinyi mliokaa nami kwenye madawati yale yaliyotuchana sketi na kaptura. Mnakikumbuka kigari. Lakini wako waliozaliwa juzi ambao hawatasadiki, basi acha nieleze. Baba aliugua polio alipokuwa mdogo, na mguu wake mmoja haukupata nguvu tena. Alitembea kwa magongo. Alipohamishwa kutoka kwetu Kitui kuja kufundisha Faza, mimi nikiwa bado nabebwa mgongoni, aliona shule iko nje ya mji na mchanga unameza magongo. Akaenda Malindi, akanunua kwa mtu pikipiki iliyokwisha kutumika mpaka kiti chake kimebonyea. Mbele ilikuwa pikipiki kama nyingine. Nyuma, fundi fulani alikuwa ameondoa gurudumu moja akaweka ekseli yenye magurudumu mawili, na juu yake sanduku la mbao la kubebea mizigo na watu. Kati ya sanduku na ekseli ndipo penye springi: vyuma virefu vilivyopinda kidogo, vimelaliana kimoja juu ya kingine, na kila ncha imeshikwa na bolti inayopita ndani ya kipande cha mpira kiitwacho bushi. Kililetwa kisiwani kwa mashua, kimefungwa kamba kila upande kama ng'ombe mkorofi.

Watoto wa Faza hawakuwa na bembea. Walikuwa na sanduku la Baba. Jioni, baada ya mchezo wa kombolela na baada ya kuruka majini pale gatini mpaka macho yamekuwa mekundu, tulimngoja Baba atoke shuleni tupande wote nyuma, waliotangulia wameketi na waliochelewa wananing'inia. Springi zikibonyea na kurudi, nasi tunarushwa, tunacheka, mahamri yamebanwa kwapani yasianguke. Bi Zena, jirani yetu, alisimama mlangoni akipiga kelele zile zile kila siku: "Mwalimu, watoto wa watu hao. Enda polepole." Baba akijibu kwa honi.

Lakini chumvi ya Faza haina adabu. Inakula msumari ukutani, inakula bati, ilikula hadi sindano za cherehani ya Mama, ambaye alikuwa akishona sare za shule. Springi nazo zikaanza kushika kutu, ndiyo ile nywii yenyewe. Siku moja chuma kimoja kikakatika katikati ya njia, mbali na mji. Baba akaletwa nyumbani juu ya punda, magongo ameyapakata, anawapungia mkono watu waliotoka milangoni. Yeye alikuwa anacheka. Mama hakucheka.

"Mume wangu si gunia la mkaa," alisema. "Kikivunjika tena, tunarudi kwetu."

Mama hakuwa mtu wa maneno mengi, na lililomtoka halikurudi. Wala simlaumu. Alikuwa mgeni, amezoea baridi ya asubuhi ya kwao na chakula cha mama yake cha muthokoi, na kila alipomwona Baba akiondoka alikaa roho juu mpaka arudi. Kule bara shule zilikuwa na nyumba za walimu mle mle uwanjani, hakuna haja ya kigari. Alikuwa na haki. Ila mimi nilisikia neno "kwetu" nikashangaa, kwa sababu kwetu niliyoijua ilikuwa hapa. Kitui niliijua kwa picha iliyokuwa ukutani. Nilijifunika shuka nikalia, nikiwaza nitaanzaje kucheza kombolela na watu nisiowajua majina.

Tangu siku hiyo nikawa mlinzi wa springi. Wasichana wenzangu walikuwa na wanasesere wa vitambaa, mimi nilikuwa najilaza chini ya kigari nikitazama vyuma kama mganga anayemtazama mgonjwa. Na sikuwa peke yangu, maana mume wa Bi Zena, Fundi Athmani, alikuwa mjenzi wa mashua kutoka Matondoni, na kwake kila kitu kinachobeba watu kilikuwa mashua. Chuma kipya kilipofika kutoka Mombasa na kufungwa, alizunguka kigari mara kadhaa, mikono nyuma, akatoa hukumu.

"Mwalimu, hiki ni chombo. Na chombo hakitezewi. Kila mwaka hulazwa ubavu, kikaparuzwa, kikatiwa mafuta. Wewe umekiwata tu, umekitupa kama mtu asokwao."

Basi kikalazwa ubavu. Wanaume walikiinua, wakakilaza juu ya magunia ya makumbi ya nazi kama wanavyolaza mashua ufukweni, nasi watoto tukapewa makumbi na mchanga tuparuze kutu. Tuliparuza tukawa wekundu mpaka kwenye meno. Kisha Fundi Athmani akaleta debe lake la sifa, yale mafuta ya papa yanayopakwa mbao za mashua zisiliwe na wadudu. Wenye pua mnayakumbuka. Akazipaka springi, akapaka bushi, akapaka na mahali ambapo hapakuwa na haja, kwa ukarimu tu.

Mambo mawili yakafuata. La kwanza, ile nywii ilikufa. Asubuhi iliyofuata Baba aliingia darasani kimya, akamkuta mmoja wetu amesimama juu ya meza akiigiza namna Mwalimu anavyopenga kamasi. Sitamtaja, siku hizi ana heshima zake. La pili, paka. Paka wote wa Faza, wa sokoni, wa msikitini na wa vichochoroni, waliacha shughuli zao wakamfuata Baba. Alikuwa akipita mjini, nyuma yake msafara wa mikia iliyosimama. Walimngoja nje ya shule mpaka saa ya kutoka. Mmoja alizaa ndani ya sanduku. Baba akasema hajawahi kupendwa namna ile, hata na Mama.

Lakini Fundi Athmani, pamoja na ujuzi wake wote, alisahau kwamba mashua haitembei mchangani. Sifa ilinata, na kila njia aliyopita Baba iliacha mchanga wake juu ya yale mafuta. Mchanga ukaingia katikati ya vyuma, ukaingia kwenye bushi, ukawa unasaga polepole. Kigari kikaanza kuyumba nyuma. Baba aliliona, Fundi aliliona, mtaa mzima uliliona, na mtaa mzima ukakubaliana bila kikao kwamba Mama asiambiwe. Kikikwama kichochoroni, vijana walikisukuma mpaka karibu na nyumbani, wakatawanyika, Baba akamalizia mwenyewe akipiga mluzi.

Jumapili moja Mama alikuwa nyuma kwenye sanduku, amevaa kofia yake ya kanisani, mimi ubavuni mwake. Tulipofika uwanja wa karibu na soko, upande mmoja wa sanduku uliketi chini, taratibu, kama mzee anayekaa kwenye mkeka. Kofia ya Mama ikateremka mpaka kwenye nyusi. Watu wakaacha kununua. Hata paka waliketi.

"Kimevunjika," Mama akasema.

"Hakikuvunda," Bi Zena akajibu haraka, ametokea sijui wapi na kapu lake la samaki. "Kimeinama tu, Bi Mwalimu. Kimechoka."

"Kuinama ni kuvunjika."

"Mimi nami huinama kwa mgongo, na sijavunda bado."

Wakaendelea hivyo, na wapita njia wakachagua pande. Baba alikaa kimya kwenye usukani, nami nikajua kwa nini: alikuwa amemwahidi mkewe kwamba kikivunjika tena watarudi bara, na hakutaka kulipindisha neno lake. Fundi Athmani alifika, akatazama, akavua kofia yake, akakiri mbele ya watu wote kwamba sifa ilikuwa wazo lake. Nilikwisha kuanza kuaga kila kitu kimya kimya, gati, ubuyu wa Bi Zena, mpaka yule paka mzazi.

Mama akashuka. Akaweka kofia yake ndani ya sanduku, akakunja gauni lake la Jumapili, akapiga magoti mchangani na kutazama chini ya kigari. Sikuwahi kumwona akifanya hivyo. Akaingiza mkono, akatoa kidole kilichojaa uji mweusi wa mafuta na mchanga, akausugua kati ya vidole kama anavyopima kitambaa dukani.

"Mmekitia mafuta," alisema, "halafu mkakiacha uchi."

Akainua uso, akamtazama Fundi Athmani.

"Hiki kinataka nguo. Fundi, una kipande cha tanga kuukuu?"

"Ninacho, Bi Mwalimu. Ninacho kingi."

Akasimama, akajipangusa magoti, akanitazama. Nadhani uso wangu ulikuwa umeeleza yote. "Chuma ni kizima," alisema, akivaa kofia yake tena. "Ni mpira tu umelika. Hakijavunjika." Nikaangua kilio pale sokoni, na mpaka leo wako watu Faza wanaoniuliza nililia nini wakati habari ilikuwa njema.

Wiki ile nyumba yetu iligeuka karakana. Springi zilifunguliwa, zikaoshwa kwa mafuta ya taa, kisha sabuni, mpaka paka wakakata tamaa. Fundi Athmani alikata bushi mpya kutoka kwenye tairi la zamani, akizipima kwa jicho, na Baba akimsahihisha kwa rula, wakibishana kwa raha. Vyuma vikapakwa grisi ya injini za boti, isiyo na harufu ya kitoweo. Kisha Mama akaleta kazi yake: soksi. Alizishona kwa lile tanga kuukuu, ndefu, zenye mpindo safi kama wa sare za shule, na kamba upande wa chini. Akazivika springi, moja huku na moja huku, akazifunga kamba kwa fundo. Grisi ikabaki ndani na mchanga ukabaki nje. Fundi Athmani alizigusa, akasema angezijua mapema angemwoza Mama kwa ukoo wa mafundi.

Sasa, kule kwetu Faza chombo kikikwisha kutengenezwa kinashuliwa, yaani kinasukumwa majini na mtaa mzima, kwa nyimbo, na mwenye chombo huwapikia watu. Mama hakuijua desturi hiyo. Asubuhi alifungua mlango akakuta watu wamejaa, wamekuja kushua kigari cha Mwalimu. Ndani alikuwa na sufuria moja ya muthokoi, mahindi ya kwao na maharagwe, aliyotumiwa kutoka Kitui na aliyokuwa akiyatunza kama dhahabu. Akaitoa yote. Bi Zena na wenzake wakaongeza samaki wa nazi, mtu akaleta mkate wa mofa na mwingine achari. Kigari kikasukumwa mpaka barabarani kwa nyimbo za kushulia mashua, Baba juu yake kama bwana harusi. Kikapita shimo la kwanza kwa kubonyea na kurudi, bila sauti. Nikasikia kigelegele nyuma yangu. Nilipogeuka, alikuwa Mama.

"Mwaka ujao muthokoi utoshe," Bi Zena akamwambia, akilamba vidole. Mama akacheka, akasema ataagiza gunia.

Siku hizi nikienda Faza nawaona vijana wa bodaboda wanavyopita. Shokomzoba, ndiyo springi ya siku hizi, ikilia, wao wanaongeza sauti ya redio. Ikifa, wananunua nyingine, ya zamani inatupwa kando ya njia. Juzi mmoja alinikuta nimelala chini ya kigari, akainama na simu yake mkononi. "Madam, hii mashine bado iko? Si mnunue tu mpya?" Nikamwambia hii ina soksi, yako inazo? Akanipiga picha. Ni vijana wazuri, lakini hawajui raha ya kitu kinachowakutanisha watu mara moja kwa mwaka. Chao kikiharibika wanalipa na kuondoka, na mtaa haujui. Njia ya shule imesawazishwa, na watoto hawaning'inii nyuma ya kitu chochote. Wanasema ni hatari. Ni kweli ilikuwa hatari, lakini nawaonea huruma.

Maana ndiyo, kigari kipo bado. Baba amestaafu, kichwa chote kimekuwa cheupe, na bado anakiendesha kumpeleka Mama kanisani. Mimi nina duka la vitambaa Machakos, na nyumba yenye chumba nilichowajengea wao, hakina ngazi, kitanda kimetandikwa. Nimewaomba waje mara nyingi. Baba husema muulize mama yako. Naye Mama, yule yule aliyekuwa anahesabu siku za kurudi bara, hunijibu akiwa anakoroga muthokoi wa kuwalisha watu wa mtaa: "Kikivunjika, tutakuja."

Basi kila mwaka naenda. Nalala kwenye mkeka chini ya kigari, navua soksi, nafuta, napaka grisi, nakagua bushi moja moja. Mwaka huu nilikuta bolti moja imelegea. Ilikuwa inayumba kidogo tu, na hakuna aliyeiona ila mimi. Ningeiacha, miezi michache ingetosha, na chumba kile Machakos kingepata wenyewe. Kando yangu nilisikia miguu ya Mama na sauti yake ikimwita Bi Zena aje aonje chumvi. Nikaikaza bolti mpaka spana ikakataa kwenda. Kisha nikavika soksi mpya, nikafunga fundo lake kama Mama alivyonifundisha.