Beti ya Mama

Mama yangu hakujua kuimba. Naanza na hilo kwa sababu watu wakisikia kwamba kaka yangu alikuwa mtunzi wa nyimbo, hudhani nyumba yetu ilijaa waimbaji. Sauti ya mama ilikuwa nzito na ya kukwaruza, na kwenye shughuli za wanawake wenzake alikuwa akipiga makofi tu. Lakini asubuhi, akipepeta mchele wa vitumbua uani, alikuwa na wimbo wake mmoja usio na maneno. Ulipanda kidogo, ukakaa hapo juu kama unasita, halafu ukashuka ghafla pale ungo unaporushwa na pumba zinaporuka. Hakuna aliyemfundisha. Aliutunga mwenyewe bila kujua kwamba anatunga, na ungemwambia hivyo angekuuliza kama umeamka na homa.

Tulikaa Temeke, miaka ile ya mwisho ya Mwingereza, katika nyumba ya udongo yenye paa la makuti. Baba alishafariki. Tulikuwa mama, kaka na mimi, na nyuma ya nyumba yetu alikaa mjomba, kaka mkubwa wa mama, ambaye ndiye aliyekuwa na neno la mwisho juu ya kila kitu, kuanzia mahari mpaka bei ya samaki.

Kaka alishona nguo kwenye baraza ya duka la Mhindi, Kariakoo. Mikono ilishona, masikio yalikuwa yakizurura. Kila kilichopita mbele yake alikichukua. Alichukua kasida za chuoni alikosomea Kurani, na namna ustadh alivyovuta neno la mwisho mpaka wenye haraka wakaanza kukohoa. Alichukua tarumbeta za vijana wa beni waliopita wakitembea kwa gwaride na suruali zao nyeupe. Mbele ya nyumba yetu kulikuwa na mgahawa, na mwenye mgahawa alikuwa na gramafoni. Huko kaka alizipata santuri za ng'ambo, za watu wa Kuba tulivyoambiwa, ambazo hakuna mtu Temeke nzima aliyejua zinasema nini. Kaka aliziimba zote. Alijitungia maneno yanayofanana na yale, akaimba kwa uchungu mkubwa, na wasichana wa mtaani wakalia bila kujua wanalilia nini. Mie nilikuwa nikimcheka. Kweli nilikuwa nikimcheka, na yeye alipenda nimcheke.

Kwenye benchi la huo mgahawa ndiko alikopatana na rafiki yake, kijana wa kusini, Mmakonde, mpakuzi wa mizigo bandarini. Baba yake alikuwa mchonga vinyago, na yeye mkono ule ameurithi akautumia kuchonga gita. Alikuwa Mkristo, mpole mno, mtu wa kuomba radhi hata akikanyagwa yeye. Alipiga gita, kaka akaimba, na baada ya muda wakawa wanatunga pamoja. Jioni walikaa kwenye baraza letu, mama akiwapelekea vitumbua vilivyobaki huku akinung'unika kwamba gita litamharibia mwanawe.

Mjomba hakunung'unika. Yeye alisema wazi. "Gita ni la walevi," alisema. "Mwenye mama hafanyi mambo haya."

Neno hilo lilimkaa kaka rohoni. Nadhani ndilo lililomfanya atake kumtaja mama kwenye wimbo, ili mjomba na Temeke yote wasikie kwamba anaye mama na anamjua.

Lazima nieleze desturi ya watunzi wa wakati ule. Wimbo ulikuwa na hadithi yake, ya mapenzi au ya safari, lakini beti ya mwisho ilikuwa ya salamu. Hapo mtunzi humtaja yule aliyemtungia, au aliyemlea, au aliyemfadhili. Salamu zilikaa mwisho kama sukari inayobaki chini ya kikombe, na msikilizaji alizingoja. Kumtaja mtu mwanzoni lilikuwa jambo la haraka na la kitoto. Kumtaja mama katikati, kaka alisema, ni kumpandisha mama gari akasimama kati ya mizigo.

Siku moja kaka alirudi na habari kwamba tajiri mmoja mwenye duka la santuri amemleta fundi wa kurekodi kutoka Nairobi, na wao wawili wamechaguliwa. Mama alikuwa anapepeta. Ungo ulisimama.

"Utaingia kwenye santuri, wewe?"

"Naingia mama. Na beti ya mwisho ni yako."

"Inasemaje?"

"Utaisikia ikizunguka."

Alimbembeleza, akamtisha kumnyima chakula, na kaka akacheka tu. Hata mimi sikuambiwa. Mama aliacha habari za gita kumharibia mwanawe. Alikwenda kwa jirani mmoja mmoja, kwa visingizio vya kuazima kinu na kurudisha kinu, akisema kana kwamba limemponyoka, "Kijana wangu kanitia kwenye wimbo." Mjomba aliposikia akasema tutaona.

Kaka alirudi kutoka kurekodi akiwa mkimya. Nilimuuliza imekwendaje, akasema salama. Alikula kidogo akalala. Nikadhani ni uchovu.

Miezi ikapita, kwa sababu santuri zilipelekwa Ulaya kupigwa chapa na kurudi kwa meli. Mama aliuliza habari za meli kama mtu mwenye mzigo wa maana ndani yake. Kabla meli haijafika kaka alishikwa na homa, kwanza ya kawaida, ya kunywa dawa na kujifunika blanketi. Kisha ikampanda kichwani. Tukampeleka hospitali na akafia huko, siku ya mvua. Sitaki kueleza zaidi ya hapo. Nimekuwa mtu mzima, nimezaa na kuzika, na bado sijapata namna ya kuieleza siku ile.

Santuri zilifika tukiwa ndani ya arobaini.

Kwa watu wetu, mpaka arobaini ipite, nyumba iliyofiwa haiingii ngoma, haiingii wimbo wala sauti ya kupendeza isipokuwa ya Kurani. Mwenye mgahawa naye, kwa heshima, alikuwa ameifunika gramafoni yake kwa kitambaa. Ni yeye aliyekuja kutuambia, amevua kofia, kwamba santuri ya marehemu iko dukani na amenunua moja, na ataiweka mpaka tutakapomaliza msiba.

Mama alisema anaitaka leo.

Mjomba alikataa. Mama, ambaye sijawahi kumwona akibishana na kaka yake, alimwambia, "Hiyo si ngoma. Ni mwanangu anazungumza na mimi. Amenambia ana neno langu na mie nalitaka." Wazee wa msiba wakashauriana barazani. Mwishowe mjomba akakubali ipigwe mara moja tu, pole pole, uani kwa wanawake.

Gramafoni ikaletwa, ikawekwa juu ya kinu kilichogeuzwa. Mama akakaa kwenye jamvi na kanga zake mbili. Sindano ikashuka, ikakwaruza, na kaka akaimba.

Alikuwa yeye. Ilikuwa pumzi yake, ile ya kuvuta hewa kabla ya neno kubwa. Wanawake walianza kulia, mama akawanyamazisha kwa mkono, kwa sababu anangoja. Wimbo ulikuwa wa msichana wa Ilala aliyevaa viatu vipya akakutwa na mvua njiani, wimbo wa mzaha, na beti moja ikapita, na nyingine, gita likacheza peke yake, mama akainama mbele kama mtu anayetaka kupokea kitu mikononi. Gita likakatika. Sindano ikaendelea kukwaruza. Mwenye mgahawa akainyanyua.

"Geuza," mama alisema.

Upande wa pili ulikuwa na waimbaji wengine kabisa, watu wa Tanga.

Mama akauliza, si kwa kulia, aliuliza tu kama anayeuliza kijiko kimewekwa wapi, "Salamu zangu ziko wapi?"

Mtu mmoja tu ndiye aliyejua. Rafiki wa kaka alikuwa amekaa nje na wanaume, nikamwita. Aliingia akiwa ameinamisha kichwa, akapiga magoti mbele ya mama.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Beti yangu iko wapi?"

Akaeleza. Santuri upande mmoja ni dakika tatu hivi, haizidi. Waliimba vizuri mno siku ile, kwa raha, wakaenda taratibu. Walipofika kwenye salamu fundi akainua mkono, na mkono ule ukiinuka mashine imekwisha. Waliomba warudie, fundi akasema wenzenu wanangoja nje. Kaka hakutaka kumwambia mama. Alisema atamtungia mwingine, na safari ile ataanza na mama mwanzo kabisa, na wacheke wanaocheka.

"Basi niimbie wewe," mama alisema.

Kutoka upande wa pili wa ukuta wa makuti mjomba alikohoa. "Mara moja nimeruhusu," alisema. "Hakuna atakayeimba ndani ya msiba wangu."

Mtu wa kwetu angejua la kufanya. Angeinama, angemwimbia mama sikioni kama mtu anayenong'ona, na mjomba angejifanya hakusikia, maana ndivyo alivyofanya kwa mambo chungu nzima. Lakini huyu alikuwa mgeni, hajui dini yetu inafungua wapi na kufunga wapi, na aliogopa kumkosea marehemu rafiki yake. Akasoma maneno matupu, taratibu, mikono imekunjwa kama yuko mbele ya padri:

*Salamu zangu kwa mama,
aliyenilea vyema,
niendako nitarudi,
ninayo ahadi njema.*

Mama alimsikiliza mpaka mwisho. Akamshika kichwa. "Ahsante mwanangu," alisema. "Umenitungia vizuri. Mungu akulipe kwa kunifariji."

Kijana alifungua mdomo, akanitazama, akaufunga. Alikuwa mpole mno kubishana na mfiwa. Na mimi, nasema kweli, nilidhani kama mama alivyodhani, kwamba kayatunga papo hapo kutufariji. Maneno yale yangeweza kuwa ya mtu yeyote kwa mama yeyote. Kila mtunzi alikuwa na beti kama ile mfukoni. Kaka yangu niliyemjua mimi asingemngojesha mama miezi yote ile kwa maneno yale.

Kabla ya arobaini yule kijana alipata taarifa ya kwao, akapanda meli kwenda Lindi. Alikuja kuaga, mama akamfungia vitumbua.

Tangu siku ile mama alipepeta mchele kimya. Mwanzoni nilidhani ni msiba, utapita. Arobaini ikapita, mwaka ukapita, watu wakacheza ngoma mtaani, gramafoni ikalia tena, na uani kwetu ilisikika sauti ya ungo peke yake. Majirani hawakumuuliza habari za santuri, na hilo ndilo lililomuuma, kwamba wamekuwa waungwana naye. Mara moja tu alinambia, tukiwa tunaosha vyombo, "Labda niliyataka makubwa. Kijana na nyimbo zake, mie nani." Nikamwambia asiseme hivyo. Masika ya mwaka wa pili tukamzika, karibu na mwanawe.

Mimi niliolewa Magomeni. Nilikuwa na watoto tayari niliposikia, jioni moja kwenye harusi ya jirani, wapigaji wakianza wimbo wa msichana wa Ilala na viatu vyake. Nikasimama na sahani mkononi. Aliyekuwa na gita alikuwa yule rafiki wa kaka, amenenepa, na gita lilikuwa la dukani. Beti ya kwanza, ya pili, gita likacheza peke yake. Kwenye harusi hakuna fundi wa kuinua mkono. Akaingia kwenye salamu.

Sauti ilipanda kidogo. Ikakaa hapo juu kama inasita. Halafu ikashuka ghafla, pale pale pumba zinaporuka.

Ulikuwa wimbo wa mama. Kaka alikuwa ameubeba mzima kutoka uani kwetu na kuuweka juu ya maneno yale ya kawaida, na hakuna mtu duniani angeweza kuutunga kwa kumfariji, kwa sababu hakuna aliyeujua ila sisi watatu. Mama angeusikia hata kwa kunong'onewa, angeujua kabla ya neno la pili. Nilikuwa nimeusahau. Nimekaa na mama mpaka mwisho na nilikuwa nimeusahau, nikaupata kwenye mdomo wa mtu wa kusini, kwenye harusi ya watu.

Niliweka sahani chini, nikamfuata walipopumzika. Alinijua mara moja, akashika mikono yangu yote miwili.

"Mama yupo, dada?"

"Ametangulia."

Akainamisha kichwa kama siku ile. Akaniambia kwamba beti ile huwa haachi kuiimba, popote apigapo, hata wenzake wakitaka kuikata. Alisema marehemu alimfundisha sauti yake kwa shida, jioni nyingi, akimwambia hapana, bado, hapo ungo haujarushwa, na yeye hakuelewa ungo gani.

"Lakini maneno nilimpa mama yote siku ile," alisema. "Sikupunguza. Alifurahi, siyo dada? Alinambia ahsante."

Nilimtazama mtu yule, na gita lake mapajani, na wapigaji wenzake wanaomwita arudi. Nilikuwa nimeshaona kinachompata mtu akiambiwa kwamba salamu hazikufika. Huacha kuimba.

"Alifurahi sana," nikamwambia. "Nenda, wanakungoja."