Nembo za Ovaroli ya Mama

Juzi nilirudi nyumbani Chemchem, nikamkuta mama barazani na wembe mkononi, anafumua nembo kwenye ovaroli yake ya kazini. Nikajua anajiandaa kwa nembo mpya. Mtaani wanasema kiwanda cha nta alichokuwa akifanyia kazi kimepata mnunuzi mwingine, lakini mimi njiani nilikuwa nimeona katapila likibomoa ukuta wake. Sasa nitamwambiaje?

Nyie mliokulia Tabora mnaijua harufu ile, nta inayochemka, tamu mpaka kooni. Mama alikuwa akirudi jioni ananukia asali, nyuki wawili watatu nyuma yake hadi jikoni, nasi tunakula mihogo na karanga huku tunawafukuza.

Kiwanda kilianzishwa na mfanyabiashara wa Kihindi wa pale mjini. Serikali ikakichukua, baadaye ikakipa ushirika, mwisho akaja mwekezaji. Kila kilipobadili mmiliki mama alipewa nembo mpya, na bibi, fundi cherehani wetu, alifumua ile ya zamani mapema, kabla mpya haijafika. Siku hizo ovaroli ilipokaa bila nembo, nyumba nzima tulinywea, maana hatukujua kama mama ataitwa tena kazini. Nembo ikifika, weee, siku hiyo ni wali!

Bibi alishona mishono mirefu, rahisi kufumua. "Hawa nao wapita njia," alikuwa akisema, "nijitese ya nini?" Ila mwekezaji alikuja na maneno matamu, mitambo mipya, mishahara kwa wakati, na bibi yangu mjanja akaingia mkenge. Akaupaka uzi nta, akashona mishono midogo, ya kubana. Haukupita muda mrefu, mitambo ikapakiwa kwenye malori mchana kweupe, geti likafungwa. Bibi alifariki, nembo ikabaki imeng'ang'ania pale pale kifuani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

Nikakaa. "Mama, hakuna kazi tena pale. Wanabomoa."

"Hilo katapila nalisikia tangu juzi, mie si kiziwi," alijibu bila kuinua macho. "Nataka nguo yangu tu. Nimeichakaza mwenyewe, jina la mtu la nini?"

Machozi yalinitoka, nawaambia ukweli. Nikapokea wembe nikamalizia. Chini ya nembo kitambaa kilikuwa bado bluu, kama siku ya kwanza. Mama akapapasa pale, akainusa ovaroli, kisha akaivaa juu ya kanga yake na kwenda kusonga ugali.