Mtoto Tunayetaka Kumlea Ameanza Kuficha Mwiko

Admin, naomba ufiche jina langu, maana mji wetu ni mdogo na mimi ndiye ninayeshonea watoto wake sare za shule. Nina miaka thelathini na tisa, naishi nje kidogo ya Nyeri na mke wangu, ambaye huuza kabichi na viazi kwa jumla sokoni Karatina. Hatukujaliwa mtoto. Nikisema sasa kwamba mke wangu hunipiga, najua wengi wenu mtacheka kwanza. Chekeni mmalize, kisha mnisomee.

Sizungumzii makofi ya utani. Amewahi kunivunja kidole kwa mlango, na begani nina alama ya pasi ya makaa. Siku ya pasi nilienda kushtaki. Polisi wa zamu, kijana mgeni huku, aliita wenzake waje waone. "Ati umechomwa na bibi? Mzee, si wewe ni mtu wa Nyeri? Hii si ni kawaida yenu, kupigwa na mabibi?" Walicheka mpaka mmoja akashika meza. Nilirudi nyumbani nikapaka mafuta.

Mwaka jana mke wangu akasema, "Tuchukue mtoto tulee, hata kama si wetu kabisa." Nilikubali upesi. Nilidhani mtoto angetuliza nyumba. Afisa wa watoto alikuja, akakagua choo na kitanda, kisha akauliza kama hapa kuna vita. Mke wangu akanitazama. Nikacheka, nikasema, "Vita ya nini, madam? Hapa ni chai na maombi." Kamba nilijifunga mwenyewe.

Tukaanza kuletewa msichana wa miaka saba wikendi kutoka kituo cha watoto, tuzoeane kwanza. Nimwite Shiru. Mama yake aliuawa na baba yake huko upande wa Kerugoya, na baba yuko jela. Zaidi ya hapo hatukuambiwa. Kwa huyo mtoto, mke wangu ni asali. Humsuka, humpozea uji, humwita mami. Hajawahi kumgusa hata kwa kidole, na hilo lazima niliseme.

Jumamosi iliyopita alirudi kutoka sokoni amenuna, amesikia ati nilionekana nikicheka na mteja. Akamtuma Shiru maziwa kwa jirani. Mlango ulipofungwa tu, akanivamia na mwiko wa kusongea ugali. Pigo la kwanza lilinipata sikioni. Nikajikinga kwa mkono, akaupiga mkono. Nikaangukia cherehani, akanipiga mateke ya mbavu huku akitaja majina ya wanawake nisiowajua. Damu yangu ikadondokea sare ya mtoto wa watu niliyokuwa nimeimaliza. Sikurudisha. Baba alinifundisha kwamba mwanamke hapigwi, ila hakunifundisha mwanaume akipigwa afanye nini.

Tulipogeuka, Shiru alikuwa amesimama mlangoni na maziwa. Mke wangu akavuta pumzi, sauti ikabadilika papo hapo. "Kuja mami, leta maziwa nikupikie chai."

Mtoto hakulia. Akaleta maziwa, akaketi, akanywa chai yake yote. Mimi ndiye niliyeenda kulia chooni, na sioni haya kuwaambia.

Asubuhi mke wangu alitangulia kanisani. Nikatafuta mkasi wangu wa kukatia vitambaa, sikuuona. Hata mwiko haukuwa jikoni. Nikainua godoro la Shiru nikavikuta: mwiko, mkasi, pasi, nyundo, na kisu cha mboga amekivalisha soksi yake.

Nikamuuliza, "Shiru, hizi vitu zinafanya nini hapa?"

Akajibu polepole, "Kwetu nilificha zote. Nikasahau jembe."

Nikakaa sakafuni. Nikamuuliza kama angependa kubaki kule kituoni na watoto wenzake, asije tena huku. Akatikisa kichwa.

"Nikikaa huko, nani atakufichia?"

Jioni hiyo, kabla hajarudishwa, nilimkuta nyuma ya nyumba akiburuta jembe letu kwa mikono miwili. Lilimshinda, akaliacha kando ya kibanda cha kuku na kulifunika kwa majani.

Ijumaa afisa anakuja mara ya mwisho kabla Shiru hajahamia kwetu. Nikisema ukweli, Shiru hatakuja tena, na mke wangu, ambaye ameshamshoneshea mapazia ya chumba, sijui atanifanya nini. Nikimwacha mke, afisa alishatueleza kwamba mwanaume akiwa peke yake hapewi msichana. Nikinyamaza, nitakuwa nimemleta mtoto wa miaka saba anilinde mimi. Nampenda huyu mtoto, jamani. Nataka aniite baba.

Afisa atauliza tena kama hapa kuna vita. Ndugu zangu, mlio na watoto na mlio na akili kunishinda, nimjibuje? Nitasoma maoni yenu yote. Ila sasa mmeshasikia, msicheke.