Kiraka cha Sentimita

Shemeji yangu, mdogo wa marehemu mume wangu, ni fundi cherehani, na mtaa mzima unamwita Sentimita. Jina alilipata kwa ubishi. Mteja akisema, "Ongeza kidogo kiunoni," yeye huuliza, "Kidogo ni sentimita ngapi?" na hagusi mkasi mpaka ajibiwe. Kibarazani pake pana cherehani ya miguu iliyokuwa ya baba yao, ubao wa kupigia pasi, kioo kirefu chenye ufa pembeni, na stuli ya wateja ambayo mimi huikalia alasiri tangu nilipostaafu ualimu mkuu.

Cherehani hiyo ndiyo iliyomsomesha mume wangu mpaka akawa mhandisi. Baba mkwe aliwaachia wanawe mambo mawili, nao wakayashika kama sala. La kwanza: kiraka kizuri hakionekani. La pili: kila koti lililotoka mkononi mwake liliwekwa mshono mmoja wa uzi mwekundu, mdogo kama punje ya mtama, ndani ya kola. Hiyo ilikuwa sahihi yake, na baada yake ikawa ya Sentimita. Katika ukoo wetu tuliheshimiwa kwa uzi huo kabla hatujaheshimiwa kwa vyeti. Tena, katika ukoo wetu hakuna anayekunywa pombe. Nalisema hilo mapema kwa sababu ndilo lililotuletea maneno.

Mkono wake wa kulia ulianza kutetemeka ukiwa umepumzika. Akiuweka pajani, kidole gumba na cha shahada vilisuguana kama vya mtu anayesokota uzi usiokuwepo. Nilidhani ni mazoea ya kazi. Kisha kutunga uzi kwenye sindano kukawa vita, na mikono ya makoti ikaanza kutoka imepinda, mmoja ukitazama mbele na mwenzake nyuma.

Kibaraza cha jirani kina fundi mwingine, aitwaye Mkasi. Si kwa sababu ya kazi. Ni mdomo wake unaokata.

"Mkono ule si bure," aliwaambia wateja, akihakikisha namsikia. "Mkono ule una kiu."

Watu wakacheka. Wakaenda nalo majumbani, na huko likaongezewa chumvi. Lisemwalo lipo, wakasema.

Mwenye heshima zake hagombani na kibaraza. Lakini siku moja niligeuza kola ya koti lililotundikwa tayari kwa mwenyewe, nikakuta pako tupu.

"Shemeji, umesahau sahihi."

"Sijasahau."

"Sasa?"

"Mtu haweki sahihi kwenye kazi asiyoitambua kuwa yake."

Hapo nilisimama, nikachukua mkoba wangu na mkono wake, tukaenda hospitali.

Daktari alikuwa binti mwembamba, anayeongea haraka kama mtu aliyeacha chungu jikoni. Alimwambia Sentimita agonganishe vidole, atembee ukumbini, aandike sentensi. Kisha akatuambia ni ugonjwa wa Parkinson. Ubongo una kemikali yake inayosaidia kuendesha misuli, akasema, na kwa Mzee kemikali hiyo inapungua. Ugonjwa hauondoki, lakini dawa ipo.

Akapewa vidonge. Vilisaidia, ila vilikuwa na tabia zao. Akimeza, baada ya muda mkono unatulia na anashona kama zamani. Kisha dawa inashuka, naye anashuka nayo. Akila chakula kizito, kidonge kinachelewa kufanya kazi kama mgeni aliyepotea njia. Ikawa kazi inapangwa kwa kidonge: dawa ikipanda anashona matundu ya vifungo, ikishuka anafagia. Tulikubaliana liwe jambo la nyumbani, basi akawa anamezea ndani. Na Mkasi, ambaye macho yake hayana likizo, akapata ushahidi.

"Mmeona? Kaingia ndani anatetemeka, katoka katulia. Mna chupa humo!"

Mwaka mzima ulikwenda hivyo. Kisha, katika kliniki ya kawaida, daktari akafungua droo akiwa anatabasamu mwenyewe.

"Mzee, safari hii nina kitu kipya. Kimefika kwetu majuzi tu. Tutakuwekea kiraka."

Sentimita akanitazama, akamtazama yeye. "Daktari, maisha yangu yote nimewashonea watu viraka. Leo mimi ndio suruali?"

Tulicheka wote, mpaka muuguzi akachungulia mlangoni. Lakini daktari alipoanza kueleza, mimi niliacha kucheka nikasogeza kiti. Kilikuwa kipande laini chenye gundi, na dawa imo ndani ya gundi yenyewe. Unakibandika kwenye ngozi, na dawa inapenya taratibu, usiku na mchana, inaingia kwenye damu bila kupita tumboni. Kesho yake unakibandua, unaweka kingine.

"Kidonge ni kama kumwaga maji kwa ndoo," alisema. "Yanafurika, kisha panakauka. Hiki ni tone, tone, tone."

"Hapana," Sentimita akasema taratibu. "Kidonge ni kushona kwa mashine iliyolegea, inaruka mishono. Hiki ni kushona kwa mkono."

"Haswa! Mzee, hilo nitaliiba niwaambie wengine."

Naye, kwa kuona ninavyouliza, akazidi kunimiminia. Kuna sindano moja inayotosha miezi. Kuna vijiti vinavyowekwa chini ya ngozi ya mkono, vinatoa dawa miaka. Kuna viraka vinavyofanyiwa majaribio, vyenye visindano vidogo hata ngozi haivihisi, ili siku moja mtoto achanjwe bila kulia. Jamani! Nimefundisha miaka mingi, na nilidhani maajabu ya dawa ni kuigundua tu. Sikuwa nimefikiri kwamba kazi nyingine, kubwa kama hiyo, ni kuifikisha inakotakiwa. Nilitoka hospitali natembea kama msichana. Sentimita alikuwa nyuma, ananiambia nipunguze mwendo, mgonjwa ni yeye.

Bahati nayo ilituandama. Wiki hiyo hiyo alikuja Hakimu, aliyepandishwa cheo na kutaka koti la siku ya kiapo. Alileta kitambaa cheusi kizito, kizuri mno. Baba yake alivaa makoti ya baba mkwe. Mkasi alibenua midomo akaingia ndani.

Siku ya Hakimu kuja kujaribu, nilifika mapema. Koti lilikuwa juu ya ubao, limeshikizwa kwa nyuzi nyeupe, mabega yamekaa vizuri. Lakini Sentimita alikuwa na rangi ya majivu. Hakimu akavaa, akasimama mbele ya kioo. Shemeji akachukua chaki, akainama kupima pindo, akayumba. Akashika kioo. Akayumba tena, akatoka mbio hadi mfereji wa maji machafu, akatapika mbele ya mtaa mzima.

Sauti ikatoka kibaraza cha pili: "Haya. Leo kazidisha."

Hakimu alivua koti polepole. "Fundi, nakuheshimu. Lakini mwisho wa mwezi nakuja. Kama hali ni hii, nitachukua kitambaa changu, nimpe mwenzako."

Alipoondoka, Sentimita alikaa chini ya cherehani, mgongo kwenye gurudumu. "Shemeji," akaniambia, "kitambaa hicho kikitoka hapa kwenda kwa Mkasi, na hii mashine itoke. Nitaiuza. Siwezi kukaa nyuma yake watu wakinitazama hivi."

Cherehani ya baba mkwe! Iuzwe, na mtaa ubaki unasema iliuzwa kwa ajili ya chupa! Nilimwinua, nikamwita mwenye teksi, tukarudi kwa daktari.

Alimpima presha, akauliza kiraka kiko wapi. Sentimita akakunja mkono wa shati. Kilikuwa kwenye kifundo cha mkono wa kulia, kimekatwa pembe zote, kimekuwa duara safi.

Daktari akakiinamia. "Mzee. Kwa nini hapa?"

"Kiraka kinawekwa palipochanika. Mkono ndio unaotetemeka."

"Na pembe?"

"Pembe hunyanyuka. Kiraka cha pembe ni cha mwanafunzi. Tena kilizidi tundu."

"Na hapa pembeni mbona ngozi nyekundu?"

Hapo akasita. "Leo asubuhi kilikuwa kinabanduka. Nikakipiga pasi. Ya uvuguvugu tu, juu ya kitambaa kibichi, kama tunavyobandika bitana ya gundi ndani ya kola."

Binti yule aliziba mdomo kwa mikono yote miwili. Sikujua kama analia au anacheka, na nadhani hata yeye hakujua. "Mzee! Joto linaisukuma dawa iingie kwa mkupuo! Ndiyo maana umetapika, ndiyo maana kichwa kimezunguka! Ulikunywa matone yote kwa pamoja!" Akakibandua palepale, akamlaza kitandani, akaagiza maji. Hali ilipotulia akavuta kiti, akaongea polepole kwa mara ya kwanza tangu tumjue. Kisikatwe, maana ukikikata kipimo kinaharibika. Kisipigwe joto la aina yoyote. Kiwekwe begani, tumboni au pajani, kwenye ngozi kavu isiyo na mafuta, mahali papya kila siku, kibanwe kwa kiganja mpaka kishike. "Na palipochanika si mkononi. Ni kichwani."

"Kwa hiyo nikibandike kwenye upara?"

"Hapana! Damu itaipeleka yenyewe."

Sentimita akafikiri, macho darini. "Kiraka kinawekwa pajani, kinaziba tundu la kichwani." Akatikisa kichwa kwa heshima ya fundi kwa fundi. "Aliyekata kitu hiki anajua kazi."

Chanda chema huvikwa pete, wanasema. Cha shemeji yangu kilivikwa kiraka, kikapigwa na pasi.

Kesho yake nilivaa gauni langu la kijani, nikaenda kibarazani wakati Hakimu anapita kurudi nyumbani. Nikamsimamisha mbele ya vibaraza vyote viwili.

"Mheshimiwa, jana uliona mtu anayumba. Hukuona pombe."

"Mwalimu, sikutaja pombe."

"Wewe hukutaja. Mtaa ulitaja." Nikapandisha sauti ile ya paredi ya asubuhi, ambayo namshukuru Mungu haijastaafu. "Shemeji yangu ana ugonjwa wa Parkinson. Anabandika kiraka chenye dawa inayopitia kwenye ngozi, na alikosea kukitumia. Pombe katika nyumba yetu haijaingia hata kwenye keki!"

Kwa Mkasi cherehani ilinyamaza.

Hakimu akatabasamu kidogo. "Kwetu mahakamani, Mwalimu, tunahitaji ushahidi."

"Utaupata mwisho wa mwezi. Ndani ya kola."

Nilipogeuka, Sentimita alikuwa mlangoni. Amesikia yote. Nilidhani atakasirika, maana siri ilikuwa yake. Akasema tu, "Shemeji, umeniwekea dhamana kubwa kuliko koti lenyewe."

Sasa akawa anakibandika kama alivyofundishwa. Siku za mwanzo hapakuwa na jipya ila kichefuchefu kidogo na usingizi wa mchana. Daktari alimwongezea kipimo hatua kwa hatua. Mimi nilikuwa nafika kibarazani nikijifanya nasoma gazeti, macho yakiwa kwenye mkono wake. Asubuhi moja niliona kidole gumba na cha shahada vimelala pajani, vimetulia, kama watoto waliochoka kugombana. Alasiri nikatazama tena. Bado vimetulia! Alikuwa amekula, amefagia, amebishana na mteja kuhusu sentimita mbili, na mkono haukupanda wala kushuka.

"Shemeji," akasema bila kuniangalia, "acha gazeti. Umelishika juu chini."

Akachukua sindano nyembamba. Akalowesha uzi mweusi kwa ulimi, akausogeza. Ukakosa. Akavuta pumzi, akausogeza tena, na ukapita kwenye tundu kama mwenye nyumba anayeingia kwake. Nilipiga kigelegele. Nawaambieni, mimi, mwalimu mkuu mstaafu, nilipiga kigelegele kibarazani mchana kweupe, na sijutii.

Hakimu alikuja siku aliyosema. Sentimita alimvisha, akapitisha kiganja begani, akarudi nyuma. Koti lilimkaa kama ngozi. Asubuhi ile ilikuwa na baridi na vidole vilicheza kidogo alipofunga kifungo cha juu. Sitawadanganya, ugonjwa haujaondoka. Lakini matundu ya vifungo yalikuwa yamepangika kama meno ya mtoto.

Hakimu akalivua, akageuza kola mwenyewe. Akaweka kidole kwenye punje ya uzi mwekundu.

"Baba yangu alikuwa nayo hii," akasema. Kisha akanigeukia. "Mwalimu, mahakama imeridhika."

Mtu wa kwanza kuvuka kutoka kibaraza cha pili alikuwa Mkasi. Alilizunguka koti, akalitazama mabegani, akatafuta kosa, akalikosa. Mwisho akamzunguka Sentimita mwenyewe, akamkagua shingo, mikono, vifundo.

"Haya, mzee mwenzangu. Watu wote wanasema una kiraka. Mbona mimi sikioni?"

Sentimita alikuwa ameshakaa kwenye mashine, mguu juu ya kanyagio.

"Kiraka kizuri," akamjibu, "hakionekani." Na gurudumu likaanza kuzunguka.